Je, mwanya wa usalama wa kompyuta ni suala la sosholojia?

SWALI: Ninasomea shahada ya uzamili katika sosholojia, na tasnifu yangu nitaiandika kwa Kiswahili. Nataka ihusu mianya ya usalama katika programu za kompyuta: inavyopatikana, inavyotangazwa na inavyozibwa. Msimamizi wangu anahofia kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi, na kwamba sehemu yangu itaishia kwa watu wanaobofya viungo vya matapeli. Je, ndani ya kosa la msimbo kuna jambo la kijamii la kuchunguza? Nianzie wapi? Na je, ni lazima nijue kuandika programu?

JIBU: Hofu ya msimamizi wako ina mzizi wake. Kwa muda mrefu neno “jamii” lilipotajwa katika usalama wa kompyuta lilimaanisha mtumiaji mzembe, yule anayeitwa kiungo dhaifu. Mwaka 1999 Anne Adams na Angela Sasse walionyesha kwamba wafanyakazi waliokiuka kanuni za maneno ya siri hawakuwa wazembe. Kanuni zenyewe zilitungwa bila kujali kazi yao inavyokwenda. Utafiti ule ulisaidia sana, lakini bado ulimtazama mtumiaji. Wewe unataka kuwatazama walio upande wa pili: wanaoandika programu, wanaozitunza bila malipo, wanaotafuta mianya, wanaoipa namba na majina, na wanaoamua nani aambiwe kwanza. Huko ndiko kwenye shamba lisilolimwa vya kutosha.

Jambo la kumwambia msimamizi wako ni hili: kosa ni la msimbo, lakini mwanya ni uamuzi. Programu kubwa yoyote ina makosa mengi kupita kiasi. Machache kati yake huitwa mianya ya usalama, na kwa kila moja linaloitwa hivyo kuna mtu aliyelitazama akasema “hili linaweza kutumiwa na mtu mwenye nia mbaya”, kuna aliyebisha, kuna aliyelipa namba, kuna aliyepanga tarehe ya kulitangaza. Chunguza maamuzi hayo na watu walioyafanya.

Tuchukue kisa kimoja tukisogelee kabisa, uone ninachomaanisha.

OpenSSL ni maktaba ya usimbaji fiche, yaani msimbo uliokwisha andikwa ambao programu nyingine huuazima, na inatumiwa na seva nyingi mno. Ili itengeneze funguo zisizokisika, hukusanya vitu vya nasibu na kuvikorogea katika bwawa moja, na humo ndimo namba za funguo huchotwa. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, alikuwa akisumbuliwa na maonyo ya Valgrind, zana inayolalamika programu inapotumia kumbukumbu ambayo bado haijaandikiwa kitu. Maonyo yalielekeza kwenye mistari miwili ya faili moja, md_rand.c, inayofanana herufi kwa herufi: MD_Update(&m,buf,j). Mstari mmoja ulikuwa ukiongeza bwawani takataka za kumbukumbu, na kuufuta kusingeleta madhara. Wa pili ndio uliokuwa mlango wa kuingizia karibu kila kitu cha nasibu. Mtunzaji akauliza kwenye orodha ya barua pepe ya OpenSSL kama anaweza kuiondoa. Mmoja wa wasanidi akajibu kwamba kama inasaidia katika kutafuta makosa, yeye anaunga mkono. Mistari yote miwili ikafungiwa.

Kuanzia Septemba 2006 hadi tangazo la 13 Mei 2008, kilichobaki cha kukorogwa bwawani ni namba ya mchakato tu, ile PID, ambayo kwa kawaida ya Linux ilikuwa na ukomo wa 32,768. Maana yake, kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, funguo zilizowezekana kuzaliwa hazikuzidi idadi hiyo. Mtu angeweza kuzitengeneza zote mapema, kisha kuzijaribu moja baada ya nyingine kwenye seva. Aliyegundua ni Luciano Bello, na mwanya ukapewa namba CVE-2008-0166 katika CVE, orodha ya pamoja ya mianya inayojulikana.

Mhandisi akisoma kisa hiki ataandika: mstari muhimu ulifutwa kimakosa, umerudishwa. Kwake kazi imekwisha. Kwako ndipo inapoanza. Onyo la zana lilipataje mamlaka ya kumfanya mtu mwangalifu aguse msimbo wa usimbaji fiche? “Ndiyo” inayotolewa kwenye orodha ya barua pepe ni ruhusa, ni maoni, au ni adabu tu? (Baadaye ulizuka ubishi mkali kuhusu kama ile ndiyo ilikuwa orodha sahihi ya kuwauliza watunzaji wenyewe. Swali la mahali pa kuulizia ni la kijamii mia kwa mia.) Kwa nini badiliko lilibaki kwa Debian na mifumo iliyotokana nayo, Ubuntu ikiwamo, bila kurudishwa kwa mradi mama likakaguliwe? Na kwa miezi 20 msimbo ulikuwa wazi mbele ya dunia nzima: nani alidhani kwamba nani anauangalia?

Valgrind inarejea miaka 18 baadaye, na hapo utaona faida ya kulinganisha visa. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa, aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula nguvu ya kichakato. Valgrind nayo ilikuwa ikitoa maonyo. Alifuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, zana za kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akautangaza tarehe 29 Machi. Mwaka 2006 maonyo ya Valgrind yalichukuliwa kama kelele za kunyamazishwa. Mwaka 2024 yaleyale yalichukuliwa kama fununu. Zana ni ileile. Kilichotofautiana ni mtu, kazi aliyokuwa nayo siku hiyo, na mazoea yake ya kutilia shaka. Ukiweza kueleza tofauti hiyo kwa ushahidi, una sura nzima ya tasnifu.

Kisa cha XZ kina somo jingine ambalo msimamizi wako hawezi kulikataa. Aliyepanda mlango ule, aliyejiita Jia Tan, hakuvunja chochote. Alianza kuchangia mwaka 2021, akawa mpole, akatuma viraka (mabadiliko madogo ya msimbo) vya manufaa. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana vizuri yalijitokeza yakimlalamikia mtunzaji kwamba mradi unakwenda polepole na kwamba amkabidhi mwingine. Mtunzaji alieleza hali yake, akakumbusha kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Mwishowe mgeni akapewa mamlaka ya kubadilisha msimbo. Shambulio lilijengwa juu ya shukrani, uchovu na aibu ya kuonekana unachelewesha watu. Hakuna skana ya msimbo inayopima hayo.

Sasa tuingie kwenye namba, kwa sababu wanafunzi wengi huteleza hapo. Kabla ya 1999 kila zana ya ukaguzi iliita kosa lilelile kwa jina lake, kiasi kwamba hukuweza kujua kama zana mbili zimeona kitu kimoja au viwili. Januari 1999 David Mann na Steven Christey wa MITRE, shirika la utafiti la Marekani, walipendekeza orodha moja ya majina ya pamoja, na Septemba mwaka huo CVE ilianza ikiwa na maingizo 321. Leo mashirika na miradi mingi ina idhini ya kutoa namba hizo. Kwa hiyo kuhesabu CVE na kusema “mianya imeongezeka mara kadhaa” ni kosa la kimbinu. Unachohesabu ni kazi ya kutoa namba: nani anaruhusiwa kutoa, nani anaona haya kutoa, nani anatoa kwa kila jambo. Februari 2024 mradi wa kiini cha Linux ulipopewa idhini ya kutoa namba zake wenyewe, idadi za kiini hicho zilipanda ghafla. Msimbo haukuoza usiku mmoja. Kilichobadilika ni sera.

Mwaka ulio ndani ya namba nao hudanganya. Angalia CVE-2020-19909 ya curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni. Kosa lenyewe ni hili: ukiiagiza curl isubiri sekunde nyingi kupita kiasi kabla ya kujaribu tena, hesabu ya kuzidisha kwa 1,000 hufurika, na muda wa kusubiri huwa mfupi kuliko ulivyotaka. Lilirekebishwa mwaka 2019. Namba ni ya 2020. Ilichapishwa Agosti 2023, bila watunzaji wa curl kuulizwa. Hazina ya taifa ya mianya ya Marekani, NVD, ikaipa alama 9.8 kati ya 10, kiwango cha hatari kubwa kabisa. Watunzaji wakapinga hadharani, na alama ikashushwa hadi 3.3, kiwango cha chini. Kitu kilekile, msimbo uleule, lakini alama imeruka kutoka juu kabisa hadi chini. Januari 2024 curl nayo ikapata idhini ya kutoa namba zake yenyewe, na sababu kubwa ilikuwa kuepuka mambo kama hayo.

Usiseme tu kwamba alama ni “za kubuni”, maana sivyo. CVSS, utaratibu wa kukokotoa alama hizo, katika toleo la 3.1 ina vipimo vinane vya msingi: shambulio linapitia wapi, ni gumu kiasi gani, linahitaji ruhusa gani, linahitaji mtu abofye kitu au la, na kadhalika. Anayejaza fomu bila kujua programu inavyotumika huelekea kuchukulia hali mbaya kuliko zote: linapitia mtandaoni, ni rahisi, halihitaji ruhusa wala kubofya. Hapo ndipo 9.8 huzaliwa. Na alama hizo zina meno. Katika kanuni za usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, ukaguzi wa nje hushindwa ukikutwa na mwanya wenye alama 4.0 au zaidi. Kati ya 3.9 na 4.0 kuna watu wanaokesha kazini na wengine wanaolala. Mtafiti anayefuatilia alama moja kutoka fomuni hadi kwenye zamu ya usiku ya mafundi atakuwa ameonyesha jinsi tarakimu inavyopanga maisha ya watu.

Maneno nayo yachunguze bila haraka. Mapema miaka ya 1990 walioripoti mianya kwa CERT, kituo kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1988 baada ya mnyoo wa Morris (programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni), waliona taarifa zinazama kimya huku watengenezaji wakikawia. Kutokana na hasira hiyo, Novemba 1993 ilizaliwa orodha ya barua pepe ya Bugtraq, iliyosimamia ufichuzi kamili: toa kila kitu hadharani, kiraka kitapatikana kwa aibu. Watengenezaji wakaja na msamiati wao, “ufichuzi wa kuwajibika”, ambao tayari umekwisha hukumu: asiyeufuata hawajibiki. Mwaka 2010 Microsoft iliacha neno hilo ikachukua “ufichuzi wa kuratibiwa”, ikikiri kwamba lile la kwanza lilizua ugomvi kuliko maelewano. Baada ya hapo mabishano yakahamia kwenye idadi ya siku za kusubiri kabla ya kutangaza. CERT ilitangaza 45 mwaka 2000. Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta mianya kilichoanza 2014, kikaweka 90. Kila idadi ni mkataba kuhusu nani abebe hatari wakati wa kusubiri, na wanaoibeba, yaani watumiaji, hawakukaa mezani.

Kwa kuwa unaandika kwa Kiswahili, una faida ambayo wenzako wa lugha nyingine hawana. Lugha yetu bado haijajifunga kwenye neno moja. Ukisema “kasoro”, unamnyooshea kidole fundi. Ukisema “udhaifu”, unaeleza hali ya kitu chenyewe, na msomaji anaweza kudhani hata mtu ametajwa. Ukisema “mwanya”, umeshamwita mpitaji: mwanya hauna maana bila mtu anayeweza kuupenya. Mimi nimechagua “mwanya” kwa sababu hiyo, na “kosa” kwa ajili ya kile kilichomo kwenye msimbo. Weka ukurasa mzima wa tasnifu kuhusu uchaguzi wako, kisha uushikilie hadi mwisho.

Fedha na kazi ya bure nitazitaja kwa kifupi kwa kuwa zina maandiko mengi, ila usiziache. Heartbleed, mwanya wa OpenSSL wenye namba CVE-2014-0160, ilitangazwa 7 Aprili 2014. Msimbo wake uliingizwa OpenSSL siku ya mwisho ya mwaka 2011, ukatoka na toleo la Machi 2012. Ombi moja la hila lingeweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva. Iligunduliwa na Neel Mehta wa Google na, bila kujuana, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini, ambao waliipa jina, tovuti na nembo ya moyo unaochuruzika damu. Mwanya kuwa na nembo kulibadilisha jinsi habari zinavyosafiri. Na ndipo wengi walipojua kwamba mradi uliolinda biashara ya intaneti ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Sasa kazi yenyewe. Chagua mwanya mmoja, au miwili ya kulinganisha, isizidi hiyo. Uwe umezibwa angalau miaka miwili iliyopita, uwe wa programu huria yenye kumbukumbu za wazi, na uwe na mabishano. Mwanya uliokwenda laini hauonyeshi kitu.

Tengeneza jedwali la safu tano: wakati, nani, alifanya au alisema nini, alimwambia nani, chanzo. Wakati wote uuandike kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Hili si dogo: barua iliyotumwa jioni upande mmoja wa dunia ina tarehe ya kesho upande mwingine, na wapo waliojenga hoja ya “walijua siku moja kabla” juu ya tofauti ya majira tu. Safu ya “alimwambia nani” ndiyo utakayoitumia zaidi, kwa sababu inaonyesha mduara wa siri ulivyopanuka.

Vyanzo vya kujaza jedwali ni vinne. Cha kwanza ni historia ya msimbo kwenye Git, mfumo unaotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Amri ya git blame itakuonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho. Jina lake lenyewe maana yake ni “laumu”, nalo ni data kwako. Lakini aliyegusa mwisho huenda alipanga nafasi tu, kwa hiyo ongeza -w ili mabadiliko ya nafasi yasihesabiwe, na tumia git log -S pamoja na maneno ya mstari huo ili upate siku ulipoingia mara ya kwanza. Kumbuka pia kila badiliko lina tarehe mbili, ya mwandishi na ya aliyelipokea. Pengo kati ya hizo mbili huwa ndipo mazungumzo yalipofanyika.

Cha pili ni kumbukumbu za orodha za barua pepe na za taarifa za makosa. Soma mnyororo mzima, pamoja na waliojibu kwa neno moja na waliouliza wasijibiwe. Swali lisilojibiwa lihesabu kama tukio, uliingize jedwalini.

Cha tatu ni historia ya rekodi ya CVE yenyewe. Rekodi zote huwekwa kwenye hazina ya wazi ya Git iitwayo cvelistV5, na kurasa za NVD zina orodha ya mabadiliko chini yake. Usinukuu alama ya leo peke yake. Nukuu ilivyozaliwa, ilivyobadilishwa, lini na na nani. Angalia kama rekodi imewekwa alama ya kubishaniwa au ya kukataliwa.

Cha nne ni matangazo ya watengenezaji. Hayo yana fasihi yake: nani ameshukuriwa, kitenzi gani kimetumika, mtenda ametajwa au kauli ni ya kutendwa. Pakua nakala na uhifadhi tarehe ya kupakua, kwani hubadilishwa kimyakimya.

Pamoja na hayo yote, mazungumzo mazito zaidi hayatakuwamo. Wakati wa siri, wahusika hutumia njia za faragha. Orodha ya faragha ya wasambazaji wa Linux, kwa mfano, huruhusu siri isiyozidi siku 14, na yaliyosemwa humo hutayaona. Kosa linalowaangusha wengi ni kusoma ukimya wa nyaraka kama ukimya wa watu. Ukiona siku tisa tupu kwenye jedwali, zitie rangi na uandike “faragha”, kisha uende na swali hilo kwenye mahojiano.

Mahojiano 12 hadi 15 yanatosha kwa tasnifu ya uzamili, kila moja dakika 60 hadi 90. Wachague kwa nafasi zao: aliyegundua, mtunzaji, msambazaji, anayetoa namba, na fundi wa mwisho anayeweka viraka kwenye seva. Huyo wa mwisho husahaulika karibu kila mara, na ndiye anayejua kwa nini kiraka kilichotoka Jumanne kiliwekwa baada ya wiki sita. Usiulize “unaonaje ufichuzi wa kuratibiwa?” Utapewa hotuba. Mwambie: “Nioneshe ripoti ya mwisho uliyoikataa, kisha unieleze uliisoma kwa mpangilio gani.” Mtu akiwa na kitu mbele yake husahau kujitetea.

Kuhusu maadili, fuata haya bila mjadala hata kama kamati ya chuo haijayataja. Usijaribu mwanya wowote kwenye mfumo wa mtu, hata “kuhakiki tu”. Katika nchi nyingi kuingia bila idhini ni jinai, na nia njema ya mtafiti haitambuliwi kila mahali. Mwanzoni mwa kila mahojiano mwombe mhojiwa asikutajie mwanya ambao haujazibwa. Akiteleza akautaja, zima kinasa sauti, mkumbushe, futa kipande hicho mbele yake. Wewe huna uwezo wa kuilinda siri hiyo, na wala huihitaji. Lakabu ya mtandaoni ni jina: kuna watu wanaofahamika kwa lakabu kwa miaka 20, na kuiacha tasnifuni ni sawa na kuchapisha kitambulisho chao. Ukinukuu barua ya wazi neno kwa neno, injini ya utafutaji itampata mwandishi kwa sekunde mbili; fafanua kwa maneno yako pale mtu asipokuwa mhusika anayejulikana hadharani. Nakala za sauti ziweke kwenye diski iliyosimbwa, si kwenye hifadhi ya mtandaoni, na uweke tarehe ya kuzifuta.

Tazama pia sheria inayowazunguka wahojiwa wako, maana inabadilisha wanachoweza kusema. Tangu 1 Septemba 2021 kanuni za China zinawataka watengenezaji kuripoti mianya kwa wizara yao ya viwanda na teknolojia ya habari ndani ya saa 48. Miezi michache baadaye mfanyakazi wa Alibaba Cloud aliripoti mwanya wa Log4j, programu ya kuandika kumbukumbu za matukio, kwa watunzaji wake Apache kama desturi ya fani inavyotaka, na wizara ikasimamisha kwa miezi sita ushirikiano wake na kampuni hiyo kwa kutoiarifu mapema. Umoja wa Ulaya nao umeweka 11 Septemba 2026 kuwa mwanzo wa wajibu wa kuripoti ndani ya saa 24 mianya inayotumiwa na washambuliaji. Swali la “nani aambiwe kwanza” lilikuwa la adabu ya fani. Sasa ni la dola. Hapo pana tasnifu nyingine nzima.

Mwisho, uliuliza kama ni lazima ujue kuandika programu. Kuandika, hapana. Kusoma, ndiyo, na kwa kiwango hiki: uweze kufungua kiraka cha mistari 20, ueleze kwa maneno yako kilichokuwapo kabla, kilichopo sasa, na kwa nini tofauti hiyo ni muhimu. Mtu mwenye bidii huhitaji miezi mitatu hivi ya kujifunza misingi ya lugha ya C au ya Python, saa moja kila siku, pamoja na wiki moja ya Git. Kipimo chako kiwe ile mistari miwili ya md_rand.c. Ifungue kwenye historia ya OpenSSL ya 2006, uwekeleze vidole kwenye kila mmoja, na umweleze mtu asiyejua kompyuta kwa nini mmoja ungefutwa bila hasara na mwingine usingefaa kuguswa. Ukiweza, mpigie simu msimamizi wako mwanze kupanga sura.